Risasi Nzito kwa Palahala

Mwaka jana mume wangu alirudi nyumbani na mishono kumi na saba pajani na kipande cha shaba mfukoni. Mishono aliwaficha wazazi wake. Kipande cha shaba alinipa mimi, kama mtu anavyomletea mwanawe kombe la pwani, ati nione kilivyojikunja vizuri.

"Nimekitoa begani mwa mnyama," aliniambia. "Tazama kilivyochanua kama ua."

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikalitazama hilo ua lake, nikalitazama paja, nikahisi damu yanipanda kichwani.

Majirani zetu wa Kibokoni walikuja kumpa pole. Wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakasema ndiyo majaaliwa. Mimi sikatai majaaliwa. Lakini mimi nauza risasi. Nimeajiriwa katika duka moja hapa kisiwani. Upande mmoja twauza bunduki na risasi kwa wenye leseni, upande wa pili ndoana, mishipi na nyavu. Kwa hivyo nilijua mume wangu alitobolewa paja kwa sababu ya boksi gani, lilitoka rafu gani, na nani alilikabidhi. Nililikabidhi mimi, kwa mikono hii, kwa sababu niliambiwa nikabidhi.

Mume wangu ni mtu wa Kwale na kazi yake ni kufuata nyayo. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu mimi sijazaliwa, basi kila msimu yeye huvuka mpaka kwenda Tanzania, ambako watu huwinda kwa kibali. Huenda na bwana mmoja mwenye malori kule Makupa. Bwana huyo ana bunduki ya kurithi, ya milimita saba. Tundu lake ni dogo, hata kidole changu cha mwisho hakiingii, na kwa tundu hilo anataka kuangusha palahala, mnyama wa kimo cha farasi mwenye pembe zilizopinda kama majambia. Bwana hupiga. Mnyama akijeruhiwa akakimbilia kichakani, anayetangulia kuingia na kufuata damu ni mume wangu. Nyuma yake huja wenye bunduki. Mbele yake hakuna mtu.

Kile kipande nilikipeleka kwa sonara wa mtaani, mzee anayenijua tangu natambaa, akipime kwenye mizani yake ya dhahabu.

"Mwanangu, hii si dhahabu," alisema, amekishika kwa koleo.

"Najua, mjomba. Nipimie tu."

"Nipime shaba? Wataka kumtengezea mtoto kipuli?"

"Nataka kumtengezea mtu maneno."

Akacheka, akapima. Gramu tatu. Kilipotoka kwenye kasiba ya bunduki kilikuwa gramu tisa. Zile sita nyingine zilikwenda wapi? Zilimwagika kwenye mfupa wa bega kabla hazijafika mapafuni. Palahala akabaki mzima na ghadhabu zake, akaingia kichakani, akamngoja mume wangu, akamchoma pembe kabla wenye bunduki hawajammaliza.

Niseme wazi, maana wengi hudhani risasi ni risasi. Katika risasi kuna ganda, ndani ya ganda mna baruti, na juu pamekaa kichwa. Kichwa ndicho kinachoruka. Kwa bunduki ile ile ya milimita saba waweza kununua kichwa chepesi cha gramu tisa au kizito cha gramu kumi na moja na ushei. Upana ni mmoja, kwa hivyo kilicho kizito ni kirefu. Chepesi chaenda mbio zaidi, na watu wapenda mbio. Lakini chepesi kikipiga mfupa mnene kwa mbio zile hupasuka. Kizito chaja polepole kidogo, na kikishaingia hakisimami. Hayo nilifundishwa na babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi wa bunduki hapa hapa Kibokoni. Baada ya marufuku akageuka fundi wa cherehani, na kila cherehani aliyoifungua aliitukana kwa kuwa si bunduki. Nami shuleni nilifika kidato cha nne na fizikia sikuwahi kufeli. Sikuyaokota barabarani.

Sasa kosa letu ni hili. Katika nchi isiyowinda, watu wote wenye bunduki za namna ile hupiga karatasi. Jumamosi wanavuka kwenda uwanja wa shabaha, wanapiga karatasi, wanarudi na karatasi zao wamezikunja kama vyeti vya ndoa. Na kwenye karatasi risasi nyepesi ni malkia. Haimpigi mtu teke begani na matundu yake hukaa pamoja. Basi duka letu likajaa nyepesi, kwenye maboksi ya rangi yenye picha ya swala anakimbia. Za kichwa kizito tulibaki na maboksi matatu tu, yana vumbi, hakuna aliyeyaulizia. Tajiri wangu, mwenye duka, si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi. Hajawahi kumuona mnyama aliyepigwa vibaya, na hajawahi kumuosha mtu kidonda.

Mwaka huu mwenye malori akaja tena. Mtoto wangu alikuwa na miezi kumi, amelala kwenye susu nyuma ya kaunta. Tajiri alikuwa kwenye kiti chake na gazeti.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, bwana."

"Nipe maboksi matatu ya zile zangu za mwaka jana."

"Za mwaka jana sikuuzii."

Akadhani natania. Akatabasamu, akamtazama tajiri. "Duka limebadilisha mwenyewe?"

"Mpe bwana risasi zake," tajiri akasema bila kuinua macho.

"Nitampa. Nitampa nzito. Zile nyepesi zapasukia begani mwa palahala, kisha mume wangu ndiye anayemalizia kwa paja."

Hapo gazeti likashuka.

"Bi dada," mwenye malori akasema kwa upole ule wa kumwambia mtoto asichezee kiberiti, "wewe umewahi kupiga bunduki?"

"Sijawahi. Na wewe umewahi kutangulia kichakani?"

"Hebu nenda katuletee chai," tajiri akasema.

"Chai baadaye, ami."

Mwenye malori akaegemea kaunta. Alikuwa na hoja, sitamnyima. "Zile nzito zashuka. Mita mia tatu zaanguka kama dafu. Nikilenga bega napiga goti."

"Mita mia tatu za nini? Mume wangu hukufikisha hatua themanini. Atambaa kwa tumbo kwenye miiba saa nzima ili wewe ufike karibu, halafu wataka risasi ya mbali?"

Tajiri akainuka, akafungua droo, akatoa karatasi ya Jumamosi iliyopita. Matundu matatu yamekumbatiana. Akaweka juu yake sarafu ya shilingi ishirini, ikayafunika yote. "Hizi ndizo nyepesi unazozitukana. Tazama. Wataka nini tena?"

"Karatasi haina bega, ami."

Mwenye malori akacheka, na kicheko chake ndicho kilichonitia wazimu, kwa sababu kilikuwa cha kweli, alifurahi hasa. "Kijana wangu ana mke mwenye ulimi," alimwambia tajiri. Kijana wake! Wamepishana miaka miwili. Akasema atarudi tukishapatana wenyewe, akaenda zake.

Jioni nikamweleza mume wangu. Nilitaraji asimame upande wangu. Alikuwa anamlisha mtoto uji, akaendelea kulisha.

"Utanikosesha safari," alisema.

"Bora uikose."

"Wewe wauza tu. Mimi ndiye ninayekwenda kuwinda."

"Wewe ndiye unayekwenda kuwindwa!"

Mtoto akashtuka, akamwaga uji. Mume wangu akampangusa kidevu taratibu, akanijibu bila kunitazama. "Kwale kuna wafuata nyayo wangapi? Mimi nikisema sitaki risasi hii, bwana asema haya, na kesho yake ana mwingine. Wataka niende nikamfundishe bwana mwenye mali kununua risasi?"

"Nataka aulize. Mara moja tu aulize nani atatangulia."

Akaokota kijiko cha mtoto. Nilimuelewa, na kumuelewa hakukunipunguzia hasira, kuliziongeza. Huyu ni mtu anayeweza kutambua unyayo ni wa asubuhi au wa jana kwa kugusa ukingo wake, na hathubutu kusema neno moja juu ya kitu kitakachomuua.

Asubuhi nikamwendea tajiri na shauri. Nikamwambia, ami, wewe waamini nyepesi, mimi naamini nzito, basi tupime kama alivyokuwa akipima babu. Babu alipanga magunia sita ya makumbi ya nazi yaliyototeshwa maji, moja nyuma ya jingine, na mbele yake akatundika mfupa wa bega la ng'ombe wenye nyama. Kisha alipiga, akafungua gunia moja moja akitafuta kichwa kimefika wapi, na kimefika katika hali gani. Tajiri akakubali, nadhani kwa kuwa alikuwa na hakika atanifunga mdomo. Akampigia simu mwenye malori amwalike. Wote wawili waliniona kama burudani.

Makumbi niliyatotesha siku tatu kwenye mapipa ya uani, mama mwenye nyumba akinung'unika kwamba nyumba yanuka kama boma la kusokota kamba. Mfupa nilimwambia mchinjaji anichagulie wa fahali mzee. "Supu ya wagonjwa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ya mgonjwa mmoja. Jumamosi nikayapakia magunia kwenye mkokoteni hadi Feri, maji yatiririka njia nzima, na mwenye mkokoteni hakuacha kunikejeli.

"Dada, watu huvuka na viazi, huvuka na samaki. Wewe wavuka na takataka iliyoogeshwa!"

"Sukuma, yakhe. Wewe ukilipwa wataka nini na siri zangu?"

Mtoto nilimwacha kwa mama yangu. Mume wangu alikuja uwanja wa shabaha, kwa sababu bwana wake alimwita ashike vitu. Alisimama mbali nami kama hatujuani.

Mwenye malori akapiga nyepesi kwanza, kutoka hatua themanini, mwenyewe, kwa bunduki yake. Mfupa ukarukaruka kwenye kamba. Tulipoufungua, mfupa ulikuwa na shimo ambalo ngumi yangu yaingia, na wale wapiga karatasi waliokuja kutazama wakasema lo, nguvu hiyo! Nikawaambia wangoje. Nikafungua gunia la kwanza. Vipande vya shaba na madini ya risasi, vimetapakaa kama pilipili manga kwenye pilau. Gunia la pili, kipande kimoja, kidogo kuliko ukucha. La tatu, makumbi matupu.

Tukatundika upande wa pili wa mfupa, penye unene ule ule, tukapanga magunia mengine. Akapiga nzito. Shimo la kuingilia lilikuwa dogo, na wale wale wakaguna. Gunia la kwanza, njia tupu. La pili, njia. La tatu, la nne, njia. Kichwa nilikitoa gunia la tano, na kilikuwa na moto bado, kimebonyea mbele kama uyoga, kizima. Maziwa yalikuwa yamenijaa hata yamelowesha nguo, mikono yanuka makumbi, na sikuona haya hata chembe. Nilikwenda nikamtilia mwenye malori kichwa hicho kwenye kiganja chake, na kando yake vile vipande vya mwanzo.

Alivigeuzageuza. Kisha akasema, "Palahala si makumbi."

"Naam. Makumbi hayana pembe."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mwenye malori akazitia shaba mfukoni. "Haya, nitachukua hizo nzito," alisema, "bora kelele ziishe." Mume wangu alikuwa ameinama kukusanya magunia. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatatu tajiri akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema nimemfedhehesha mbele ya mteja wake na mbele ya watu wake wa karatasi, na kwamba duka si mahakama. Kuanzia siku hiyo nikae upande wa ndoana na mishipi, risasi nisiguse. Nikamwambia, "Sawa, ami." Sikumwambia samahani. Hata leo sijamwambia.

Wiki moja baadaye ikafika siku ya safari. Kwa sheria, bunduki na risasi zilikuwa zimefungiwa kwenye sefu ya duka letu, kwa hivyo mwenye malori alizifuata asubuhi pamoja na mume wangu. Gari lilikuwa nje, mlango wa nyuma wazi. Mume wangu alisimama mlangoni na begi lake begani. Mimi nilikuwa kwenye ndoana, mtoto mgongoni, nampangia mteja mishipi ya kuvulia kolekole.

Tajiri akatoa kutoka sefuni maboksi matatu yenye vumbi, akayaweka juu ya kaunta. Kisha nikaona mkono wake warudi ndani na kutoka na la nne. La rangi, lenye swala. Akalitia chini ya yale matatu.

Nikamwacha mteja na mishipi yake mkononi.

"Hilo la chini ni la nini?"

"Rudi kwenye kazi yako," tajiri akasema.

"Ni la swala wadogo, bi dada," mwenye malori akasema. Hakuwa na furaha tena ya siku ile. "Nyama ya kambi. Palahala nitampiga kwa hizo zako nzito, nimekwishasema. Sasa hata swala waninyima?"

Maneno yalikuwa na akili, na ndiyo yaliyonitisha. "Zote ni za bunduki moja," nikamwambia. "Zalingana ganda, zaingia chemba moja, mfukoni zalala pamoja. Palahala akitokea ghafla, mkono utatoa ipi?"

"Nitajua nimeweka ipi."

"Mwaka jana ulijua?"

"Ewe binti!" Tajiri alipiga kaunta kwa kiganja. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Nje, muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake, na wazee wa barazani wakageuza shingo. Niliiona kazi yangu yaondoka, nami sikuinua mguu kuifuata. Niliendelea kusimama pale, mkono wangu juu ya maboksi.

Ndipo mume wangu akaliteremsha begi lake chini. Hakulitupa. Aliliweka sakafuni, akalisukuma kwa mguu hadi ukutani, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Bwana," alisema, "nimekuhudumia misimu minne. Sijakuomba kitu. Leo naomba hilo boksi libaki."

"Nawe pia?"

"Risasi ikishaingia ndani ya bunduki mimi siioni ni ipi. Nami ndiye ninayeingia kichakani. Ukienda nalo, nenda salama, mimi nabaki hapa na mwanangu."

"Kwale kuna watu wengi wa kufuata nyayo," mwenye malori akasema. Neno lile lile nililolisikia nyumbani kwenye uji.

"Wengi mno," mume wangu akajibu. "Nitakupa namba zao. Uwaambie mwenyewe kwa nini mimi sikuja."

Mtoto alikuwa analia bado, na mimi namtikisa bila kujua namtikisa. Mwenye malori alimtazama mume wangu kama mtu ambaye hajawahi kumuona akisimama wima. Kisha akalivuta boksi la rangi kutoka chini, akalitelezesha juu ya kaunta hadi kwa tajiri.

"Swala tutawala mwakani," alisema.

Mzee mmoja barazani akasema kwa sauti, "Kumbe ana mdomo huyu! Miaka yote nikidhani ni bubu." Watu wakaangua kicheko, na mume wangu naye akacheka, akaokota begi lake. Hakuniaga kwa maneno. Alipita karibu nami, akamshika mtoto kisigino, akakiminya, akaenda kupanda gari.

Tajiri hakunifukuza, ila aliniacha kule kule kwenye ndoana. Siku ya tisa simu ikalia mchana, nikiwa namuogesha mtoto kwenye karai. Mume wangu alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao.

"Palahala kaanguka," alisema. "Alikuwa amesimama mshazari, bega mbele. Kaenda hatua thelathini, kaanguka penye majani mafupi. Sikuingia kichakani."

"Hukuingia kabisa?"

"Nimekwambia sikuingia. Nilitembea kama naenda msikitini." Kisha akaongeza: "Ila jana usiku kambini bwana aliwahadithia wageni wengine. Awaambia yeye siku zote hupenda vichwa vizito, ati hajui watu wapendea nini nyepesi."

Nilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Nikaishika simu kwa bega, nikamwambia amfikishie salamu zangu kwamba nimesikia, na nzito zimekwisha, ni lazima ziagizwe. Kwa hivyo msimu ujao aje mapema, aagize kwangu, kwa mdomo wake, na akinikuta kwenye ndoana asipite kama hanioni.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze."

Akacheka, mtandao ukakatika. Nikammwagia mtoto kopo la mwisho la maji, akapiga kelele za hasira, nami nikamwacha apige.